Kabla ya MRI ya misuli kwa mgonjwa wa moyo kushindwa

Mizani humdanganya mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Mapaja yanakonda, miguu inajaa maji, kilo zinabaki zilezile. MRI ya mapaja, yaani picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku, hutenganisha misuli, mafuta yaliyojipenyeza ndani yake na maji. Kipimo cha DXA, kinachotumia eksirei, hakiwezi. Maji ya uvimbe huyahesabu kuwa ni misuli.

Hata hivyo, maji mengi huvuruga MRI pia. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, au viatu vikianza kubana, mpigie daktari kabla ya kwenda. Siku mbili kabla, acha mazoezi mazito: misuli iliyochoshwa hushika maji na kung'aa kwenye picha kana kwamba inaumwa.

Suala la chuma halina mjadala. Sumaku ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) haizimwi, hata chumba kikiwa kimya. Mwenye betri ya moyo aende na kadi yake. Zipo zinazoruhusiwa kwa masharti, na hizo hubadilishwa mpangilio kabla ya kipimo na kurudishwa baadaye. Lakini waya wa zamani ulioachwa kifuani unaweza kufuta ruhusa hiyo. Aliyewahi kuchomelea au kusaga vyuma aseme, maana chembe iliyobaki jichoni inaweza kusogea. Plasta ya dawa yenye utando wa metali ibanduliwe, la sivyo inaweza kuunguza ngozi.

Kinachowashinda wengi ni kulala chali dakika 30 hadi 60. Ajaribu nyumbani, akipima muda kwa saa. Bahati nzuri, kwa mapaja mgonjwa huingia miguu kwanza, hivyo mara nyingi anaweza kuinuliwa mgongo kwa mito. Iombwe mapema, si akishalazwa. Dawa ya kupunguza maji ikinywewa saa moja kabla, mkojo utambana katikati ya kipimo. Daktari aseme kama inywewe alfajiri au baada ya kutoka. Kuiruka kabisa ni kosa.

Kupima misuli na mafuta hakuhitaji dawa ya kung'arisha picha. Moyo ukipigwa picha siku hiyohiyo, huenda akachomwa gadolinium, ambayo ni dawa hiyo ya kung'arisha, kwa hiyo majibu mapya ya figo yawepo. eGFR, yaani kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu, ikiwa chini ya 30, daktari aamue kwanza.

Mwenye nyonga bandia ataje upande: chuma huacha doa jeusi, na paja la pili ndilo litakalopimwa.