Kuutambua mkilua katika msitu wa Arabuko-Sokoke

Mkilua, mmea wa maua yanayonukia, ukiwa shambani Malindi hutambulika kwa harufu, lakini mwituni pua hudanganya: msimu mwingi hauna ua, na ua changa huwa la kijani lisilonukia sana. Anza na majani. Mkilua (Mkilua fragrans) ni wa jamii ya mstafeli, kwa hiyo majani hupishana, moja kulia, moja kushoto, kwenye kitawi. Ukiona majani mawili yametazamana, na kijiganda kidogo katikati ya vikonyo vyake, uko kwenye jamii ya mbuni (mti wa kahawa). Hapo ndipo wengi hukosea, kwani maua ya mbuni mwitu nayo hunukia vizuri.

Chuna kipande kidogo cha jani: utomvu mweupe ukitoka, si mkilua. Kwenye ua, hesabu petali 6 katika safu mbili za tatu-tatu. Asumini petali zake zimeungana chini kama mrija.

Piga picha ya kitawi kizima, jani pande zote mbili, na ua kwa chini, rula ikiwa kando. Usichume ua wala using'oe mche, na tafadhali usitangaze mahali mmea ulipo.