Mzazi Pekee Anayerudi Chuoni: Kupanga Pesa za Muhula

Wengi hugawa mkopo au ruzuku kwa wiki za masomo tu. Muhula ukiwa wa wiki 15 na likizo ya wiki 4, gawa kwa 19. Mtoto hula hata chuo kikifungwa.

Kabla ya kugawa, toa ada, kodi ya nyumba na malipo ya kulea mtoto. Kinachobaki kikae kwenye akaunti ya pembeni, ujihamishie fungu la wiki siku ileile kila mara. Likiisha mapema usichote la wiki ijayo: pengo hilo hukufikia kwenye mitihani, wakati huna nafasi hata ya kibarua.

Malezi ndiyo huvuruga hesabu. Uliza kituo cha kulelea watoto kama likizo inalipiwa, na kuchelewa kumchukua mtoto kuna faini gani; majibu yawe ya maandishi. Kipindi kikiisha saa 11 jioni na kituo kikifunga saa hiyohiyo, utalipa faini kila wiki. Omba chuo kikubadilishie kundi la kipindi hicho kabla ratiba haijafungwa.

Awamu ya kwanza ya mkopo huweza kuchelewa, hivyo usiache kazi bila akiba ya mwezi mzima. Kama unapokea msaada wa serikali, uliza mapema iwapo mkopo utahesabiwa kuwa kipato.