Namna Mtawala Kijana Anavyoweza Kuizoeza Sauti Yake
Elizabeth II alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 25, na mwaka 1957 Lord Altrincham, mwandishi na mhariri wa jarida, alimshutumu hadharani kwamba hotuba zake zilimwonyesha kama msichana wa shule. Lawama hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, lakini ilidhihirisha jinsi sauti nyembamba inavyoweza kumpunguzia mtawala kijana heshima. Anayetaka kujirekebisha aanze na pumzi: avute hewa hadi tumbo litanuke, alegeze mabega na taya, kisha asome sentensi moja polepole, akiishusha sauti mwishoni badala ya kuipandisha. Asililazimishe koo kutoa sauti nzito, kwani litakwaruzika. Mabadiliko ya Malkia mwenyewe, hasa katika matamshi ya irabu, yalichukua miongo.