Nyimbo za kiangazi za Kijapani: jinsi ya kupanga orodha ya kaskazi, Mombasa

Kosa la kwanza ni la kalenda. Kiangazi cha Japani, natsu, ni Juni hadi Agosti. Huku pwani hiyo ni miezi ya kusi: bahari imechafuka, upepo hautulii na usiku watu wanajifunika shuka. Ukicheza wimbo wa jua kali Julai, kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, huku ameketi mtu na sweta, wimbo utaonekana wa uongo. Zihifadhi nyimbo hizi zingoje kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana linapofika nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi. Zile za mwisho wa Agosti, zenye kuaga, ziache mpaka mwishoni mwa Machi, masika yakikaribia. Hapo zitakukaa vizuri kushinda hata zinavyowakaa wenyewe.

Kwa nini nyimbo nyingi za kiangazi za Wajapani zina huzuni? Shule zao hufunga mwishoni mwa Julai na nyingi hufungua mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Katikati ya Agosti kuna Obon, siku za kuwakumbuka waliotangulia, na usiku kuna maonyesho ya fataki. Mwezi ukiisha, kila kitu kimekwisha kwa pamoja. Basi zipange nyimbo zako kwa saa za siku, kuanzia jua kali hadi giza. Ukizipanga kwa mwaka au kwa jina la msanii, furaha na majonzi yatagongana kila dakika nne.

Lenga nyimbo 20. Kwa wastani wa dakika nne na nusu kila mmoja, hiyo ni saa moja na nusu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, itakutoa kwenye jua la jioni mpaka giza liingie.

Fungua na "Sparkle" ya Tatsuro Yamashita, kutoka albamu ya For You ya 1982. Gita linaanza peke yake, la Yamashita mwenyewe, likikwaruzwa kwa haraka na kwa ukavu, kila pigo limekatwa kabla halijalia sawasawa. Kisha ngoma na besi zinaingia kwa mpigo mmoja. Sekunde hizo za mwanzo ndizo zinazokuambia kama spika yako inafaa. Gita likisikika kama mchanga unaochekechwa, una sauti nyembamba kupita kiasi na hujaweka besi ya kutosha.

Baada yake weka "Kimi wa Tennenshoku" ya Eiichi Ohtaki, kutoka A Long Vacation ya 1981. Tahadhari: inaanza na vyombo vinavyolinganishwa sauti, na asiyeijua hudhani faili limeharibika, akaruka. Usiruke. Muziki wake unang'aa kama mabati mapya, lakini maneno aliyaandika Takashi Matsumoto baada ya kufiwa na dada yake mdogo. Ukilijua hilo, wimbo hautakuwa ule ule tena.

Kwa mchana uliobaki, "Ride on Time" ya Yamashita (1980), "Windy Summer" ya Anri kutoka Timely!! (1983) na "Season in the Sun" ya kundi la TUBE (1986). Ongeza "Aoi Sangosho" ya Seiko Matsuda, 1980. Jina lake ni matumbawe ya buluu, na mtu wa Nyali anayeuona mwamba maji yakipwa hahitaji kufafanuliwa. "Natsuiro" ya Yuzu (1998) ni ya magita na baiskeli ya watu wawili inayoteremka mlima huku breki zimeshikwa. "Katte ni Sindbad" ya Southern All Stars (1978) maneno yake yanakimbia hata Mjapani hutega sikio. Iweke katikati, watu wakianza kusinzia.

Jua likishuka, punguza mwendo, ila usishuke ghafla. Pima hivi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kati ya wimbo na unaofuata usipishane zaidi ya mapigo 15 au 20 kwa dakika, isipokuwa pale unapotaka watu washtuke. "Last Summer Whisper" ya Anri (1982) ni daraja zuri kutoka mchana kwenda magharibi, kwa sababu besi yake bado inatembea lakini sauti imeshalegea. Kisha "Manatsu no Kajitsu" ya Southern All Stars na "Shonen Jidai" ya Yosui Inoue, zote za 1990. Hizi mbili zisifuatwe na kitu cha kelele.

Baada ya adhana ya magharibi (na adhana ikianza, zima, usipunguze tu), ndipo usiku wa fataki. "Natsu Matsuri" ilianza na Jitterin' Jinn 1990, ikaimbwa upya na wasichana wa Whiteberry 2000; chukua ya Whiteberry kama kuna watoto barazani. "Uchiage Hanabi" ya Daoko na Kenshi Yonezu ni ya 2017. Mwisho kabisa "Secret Base" ya ZONE (2001), halafu "Wakamono no Subete" ya Fujifabric (2007), yenye kengele ya saa kumi na moja jioni na fataki za mwisho za mwaka. Usigeuze mpangilio huu. "Secret Base" inalia waziwazi. Ile ya Fujifabric inanyamazia mengi, na anayenyamaza ndiye afunge.

Hizo ni kumi na tano. Tano zilizobaki zijaze kutoka albamu hizo hizo tatu za 1981 hadi 1983. Ukianza kuokota huku na huku utapoteza rangi moja ya sauti.

Nyimbo mbili ambazo kila orodha inaziingiza kwa makosa: "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi (1984) na "Mayonaka no Door" ya Miki Matsubara (1979). Ya kwanza ni ya mapenzi ya kujifanya, ya usiku wa mjini, haina bahari ndani yake. Ya pili imetoka Novemba na maneno yake yanataja majira ya baridi. Ni nyimbo nzuri mno. Ziwekee orodha yao ya saa nne usiku.

Kuzitafuta kuna mitego. Jina moja huandikwa namna tatu: Ohtaki, Otaki, Ootaki, na Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Ukikwama, nakili jina kwa herufi zenyewe: alama ya 夏 ni natsu, kiangazi, na 海 ni umi, bahari. (Umi, ndiyo. Mtoto wa Kibokoni, ambako mama huitwa umi, akisikia mtu anaimba "umi" atadhani anaitwa mamake.) Kusoma kwa herufi za kilatini hakukupi taabu: a, e, i, o, u zao ni zetu, na hanabi, yaani fataki, unaitamka jinsi ulivyoiona. Nyimbo za Yamashita kwa miaka mingi hazijawekwa kwenye huduma za kusikiliza kwa malipo ya mwezi. Unazozikuta humo chini ya majina yake mara nyingi zimeimbwa na wengine. Angalia jina la mwimbaji kabla ya kupakua, na angalia urefu: wimbo wa dakika nne ulioandikwa dakika tano na nusu huenda umepunguzwa mwendo na mtu.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula megabaiti 1.2 kwa dakika, basi orodha nzima ya dakika 90 ni kama megabaiti 108. Kwa kilobiti 320 ni 216. Pakua mara moja nyumbani kwenye waifai. Kuicheza moja kwa moja kwenye feri ya Likoni ni kutafuta kukatikiwa katikati ya kiitikio, watu na mawimbi ya simu wakigombania mnara mmoja. Na usitumie video kama unataka sauti tu, unalipia picha usiyoiangalia.

Sasa mipangilio ya simu. Washa usawazishaji wa kiwango cha sauti (normalization), maana nyimbo za miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa kiwango cha chini kuliko za 2017. Usipofanya hivyo, "Uchiage Hanabi" itamrusha mtu kitini. Zima muunganiko wa wimbo kwa wimbo (crossfade), au uuweke sekunde tatu tu. Watu huweka 12, na hapo ndipo mwanzo wa "Kimi wa Tennenshoku" unamezwa na mkia wa "Sparkle". Kwa spika ndogo, ongeza kidogo masafa ya hezi 100 na punguza ya 8,000. Nyimbo hizi zina sauti kali za juu, na spika ya bei nafuu inazigeuza mluzi. Ndani ya tuktuk fanya kinyume: besi shusha, injini inatosha.

Spika ya ufukweni ina adui watatu. Jua: usiiache juu ya mchanga mchana, betri ya lithiamu hufura ikizidi joto. Chumvi: alama ya IPX7 maana yake inastahimili maji mita moja kwa nusu saa, lakini jaribio lile ni la maji ya kawaida yasiyo na chumvi, si ya bahari. Ukirudi, ipanguse kwa kitambaa kilichoroweshwa maji ya bomba, uikaushe kabisa kabla ya kuichaji. Ukichaji na unyevu kwenye tundu la chaja, pini za chaja zinaota kijani kibichi ndani ya wiki chache. Mchanga wenyewe ukiingia kwenye matundu, upige kwa brashi kavu ya meno, kifaa kikiwa kimeinamishwa; ukipuliza kwa mdomo unausukuma ndani na kuongeza mate.