Akaunti ya biashara ikizuiwa na serikali: namna ya kupigania mishahara kwanza

Natunza hesabu za biashara ndogo: karakana, maduka ya dawa, kampuni za usafi. Simu nisiyoipenda huja mwisho wa mwezi. "Benki wamegoma kulipa. Wanasema kuna agizo." Ukiuliza, utakuta ni mamlaka ya kodi, au mfuko wa hifadhi ya jamii, au ofisi nyingine ya serikali inayodai ada na faini zake. Deni linabishaniwa, hela imeshikwa, na watu wanasubiri mshahara.

Wenye biashara wengi hapo hushika bango la deni zima. Wanataka waonekane hawadaiwi hata senti, na wanataka akaunti ifunguliwe yote kwa mpigo. Mimi nasema tenganisha. Ugomvi wa deni una safari yake, tena ndefu. Mishahara iombe peke yake, kwa barua yake, leo hii.

Shika karatasi kwanza

Nenda benki uombe nakala ya agizo lenyewe. Usimfokee mtu wa kaunta, yeye anatekeleza tu. Soma jina na namba ya utambulisho wa biashara, kiasi kinachodaiwa, kipindi cha deni, kifungu cha sheria, aliyesaini, na siku ya mwisho ya kujibu. Kiasi kisome mara mbili. Kuna maagizo yanayotaka izuiwe hela ya kutosha deni tu, lakini benki kwa kujihami inafunga akaunti nzima. Maneno ya agizo yakiwa hivyo, kinachozidi deni kidai hapo hapo benki, kwa maandishi, kabla hujapanda ngazi za mamlaka.

Kama agizo au taarifa ya deni ilikuja kwa bahasha, itunze na bahasha yake, uandike juu yake tarehe uliyoipokea. Sheria nyingi huhesabu siku za kupinga kuanzia tarehe ya kupokea, na siku hizo zikipita utabaki kuomba huruma.

Pingamizi si breki

Hili watu hawaambiwi mapema. Katika nchi nyingi, kuwasilisha pingamizi au rufaa hakusimamishi ukusanyaji wa deni. Kusitisha utekelezaji ni ombi jingine, lenye masharti yake, na mara nyingi utatakiwa kulipa sehemu ya deni au kuweka dhamana. Kwa hiyo andaa karatasi tatu: pingamizi la deni, ombi la kusitisha utekelezaji, na ombi la kuachia fedha za mishahara. Ukizibana zote ndani ya barua moja, jambo jepesi litasubiri jambo zito limalizike, na jambo zito halimaliziki mwezi huu.

Barua ya mishahara

Nitatoa mfano wa karakana moja ya kushona sare. Mwenyewe alikuja na rasimu ndefu yenye maneno kama "uonevu" na "tutawafikisha mbali". Tukaiweka kando. Tuliyoipeleka ilikuwa ukurasa mmoja, na kiini chake kilikuwa hivi:

"Tunaomba benki iruhusiwe kulipa mishahara ya mwezi huu tu, kwa watu waliotajwa kwenye orodha iliyoambatishwa, moja kwa moja kwenye akaunti zao, bila fedha hizo kupitia mikononi mwa mwajiri. Makato ya kodi na ya hifadhi ya jamii ya mishahara hiyo yapelekwe kunakohusika siku hiyo hiyo. Ombi hili haliondoi pingamizi letu kuhusu deni, wala haliombi akaunti ifunguliwe."

Sentensi ya kwanza ndiyo inayobeba barua. Afisa anachohofia ni kwamba ukifunguliwa mlango utachota hela na kupotea. Ukimwonyesha kwamba wewe huigusi, anakuwa na cha kumweleza mkubwa wake.

Ambatisha orodha ya mishahara ya mwezi huu na ya miezi mitatu iliyopita, ili ionekane hakuna majina yaliyoota ghafla. Weka mikataba, daftari la mahudhurio, na taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo utajua kama daftari lako lilikuwa la kweli au la kuonyesha wageni. Mwenye karakana alitaka jina lake na la shemeji yake yawemo. Nilikataa. Jina moja la nyumbani linaitia doa orodha nzima.

Ukihitaji nguvu ya sheria, anza na sheria ya kazi ya nchi yako, hasa kifungu cha siku ya kulipa mshahara. Kisha angalia kama nchi imeridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unataka mishahara ilipwe kwa vipindi vya kawaida, na unawapa wafanyakazi kipaumbele mwajiri anapofilisika. Mkataba namba 173 wa mwaka 1992 unakwenda mbele zaidi: madai ya wafanyakazi yapewe daraja la juu kuliko madai mengi mengine yenye kipaumbele, yakiwemo ya serikali. Hayo ya kipaumbele yanahusu mwajiri aliyefilisika, na wewe hujafilisika bado. Yataje kama hoja ya ubinadamu na ya mwelekeo wa sheria. Usimpige nayo afisa usoni, maana naye ana kifungu chake.

Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukianza kupigwa danadana, usiulize "suala letu limefikia wapi?" Uliza "faili liko mezani kwa nani?" Swali la kwanza hujibiwa "linashughulikiwa". La pili linahitaji jina. Siku za majibu zikipita kimya, mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kitakuambia kama unaweza kwenda baraza la rufaa au mahakamani kuomba amri ya muda.

Watu wako

Waambie siku ile ile, wote kwa pamoja. Pale karakanani walikusanyika kwenye meza ya kukatia vitambaa, na mama anayepiga pasi akauliza lililokuwa vichwani mwa wote: "Bosi, tuambie ukweli. Tuendelee kuja, au tutafute pengine?" Swali kama hilo linataka jibu lenye tarehe. Kama huna tarehe, sema huna, na useme ni lini utakutana nao tena kuwapa habari.

Mpe kila mmoja hati ya malimbikizo yenye jina, siku alizofanya kazi, kiasi anachodai, na saini yako. Mkikubaliana kupunguza siku za kazi, iandikwe na isainiwe. Kikipatikana kidogo cha halali nje ya akaunti ile, gawa kwa uwiano mmoja kwa wote. Fundi unayempenda asipewe pembeni, atajulikana tu. Anayetaka kwenda ofisi ya kazi mwache aende. Dai lake ni lake, na barua ya afisa kazi ikiingia kwenye faili husaidia kuliko manung'uniko yako. Ila usiwapange getini kwa mamlaka wawe ngao yako. Wakitaka kwenda wenyewe, hilo ni lao.

Njia za mkato

Utashauriwa wateja walipe kwenye akaunti ya mkeo au ya kaka yako. Usithubutu, deni la kubishaniwa litageuka kesi ya kuficha mali. Utashauriwa utumie makato ya wafanyakazi ambayo hujayapeleka. Ile si hela yako, na sheria nyingi humfuata mkurugenzi binafsi kwa ajili yake. Mashine zikitoka usiku, zitaonekana. Na hongo humpa mtu mwingine kamba ya kukufungia.

Ruhusa ikitoka, nenda benki na barua ya asili siyo picha ya kwenye simu, usubiri malipo yapite. Kila aliyelipwa asaini mbele ya jina lake na arudishe hati ya malimbikizo. Nakala ya orodha iliyosainiwa mpelekee afisa yule yule aliyeruhusu, pamoja na stakabadhi za makato, kabla hajaiuliza. Deni lenyewe bado lipo, na mwisho wa mwezi ujao huenda ukahitaji saini yake tena.