Ndege ya injeksheni inavuja esansi: mambo ya kuangalia mbele ya kushika kle

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi asubuhi inakuwa na baridi ya kweli, mipira inakuwa migumu, oringi zinajikunja, na ndege yenye ililala inje kule kwenye uwanja wa ndege wa Luano inaanza kutoa siri zake. Unainama chini ya pua unaona doa la buluu kwenye beto, rubani anafika na kikombe chake mukononi, "Papa, si ni nati moja ya kukaza tu tuende?" Hapo njo penye kazi inaharibikaga. Nati inakazwa, doa linarudi kesho, inakazwa tena, mpaka mudomo wa tuyo unapasuka na kidogo kinakuwa kikubwa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, nitaeleza. Basi haya ni mambo yenye ninaangalia siku hizi wakati kle zingali kwenye sanduku, na naongea juu ya injini za pistoni zenye injeksheni, yaani zenye kutumia injekta na si karburata, zile Lycoming na Continental za Cessna 206 na ndugu zake. Caravan haimo, ile ni turbini, inakunywa Jet A-1, mafuta ya namna ya kerozeni, hadithi yake ni ingine.

Kwanza jua ni nini inadondoka. Avgas 100LL, esansi ya ndege za pistoni, ilitiwa rangi ya buluu makusudi, inakauka haraka na pale ilipita inaacha alama ya buluu. Jet A-1 haina rangi ao iko manjano kidogo tu, haikauki haraka, ukitia tone kwenye karatasi nyeupe inabakiza doa la mafuta, wakati avgas inapotea. Kama ndege yako ya pistoni inadondosha kitu chenye kinabakiza mafuta kwenye karatasi na si oili ya injini, simamisha kila kitu, juu pengine mutu alijazia kwenye pipa isiyo yake, na hapo hauko tena na shida ya kuvuja, uko na shida ya injini kuzimika hewani. Penye esansi inafika kwa pipa za lita 200 na pipa zote zinafanana, hii karatasi si mchezo.

Kisha jiulize kama ni kuvuja kweli. Ndege ya injeksheni iko na matundu ya kukojoa yenye watengenezaji waliweka wenyewe. Kwenye mabomba ya kuingiza hewa ya injini kuko kivalvu kidogo cha kumwaga chini esansi yenye imezidi, kwa hiyo kama rubani aliwasha injini ya moto, ikakataa, akaongeza pompa ya umeme tena na tena, utaona dimbwi chini na hakuna kitu imeharibika, ni mukono wake tu. Hapa Luano tuko karibu mita 1300 juu ya bahari, mwezi wa kumi joto linapanda, na kuzamisha injini kwa esansi wakati wa kuwasha ni jambo la kila wiki. Lakini tuyo ndogo yenye inatoka kwenye pompa ya injini kwenda inje, hiyo usiisamehe. Kazi yake ni kutoa habari: ikitoka esansi ao oili hapo, sili za ndani ya pompa zimechoka, na hakuna nati ya inje yenye itaponyesha hiyo, pompa inatoka. Muulize rubani maswali ya mama wa mugonjwa: ilianza lini, injini ikiwa moto ao baridi, pompa ya umeme ilikuwa imewashwa, aliinusa ndani ao inje, na nani aligusa injini mara ya mwisho. Hili la mwisho linajibu nusu ya kesi zangu, watu hawapendi kulijibu lakini uliza tu.

Juu ya moto sitasema mingi maana kila mutu anafikiri anajua. Mvuke wa avgas ni muzito kuliko hewa, unashuka chini na kukaa kwenye shimo na pembe za hanga, na baridi haikulindi, avgas inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye barafu. Sukuma ndege inje, funga waya ya masi toka kwenye ndege mpaka kwenye ardhi, toa batri mbele ya kufungua tuyo yoyote, kizima moto kikae penye mukono wako unafika, si kwenye ukuta wa ofisi. Telefone ibaki kwenye mfuko wa koti na koti libaki mbali. Vaa glavu, ile esansi iko na risasi ndani, ile madini ya plomb. Na kikopo cha kupokelea matone kikiwa cha chuma, nacho kifungwe masi, juu esansi ikidondoka kutoka juu inatengeneza umeme wake yenyewe.

Sasa tufike kwenye kitu chenye kinapotezea watu siku nzima: presha iko wapi na saa gani. Esansi inatoka kwenye tanki, inapita kwenye selekta na filtri, pompa ya umeme, pompa ya injini, inaingia kwenye servo, kifaa cha kuipimia injini esansi yake (Continental ni tofauti kidogo lakini wazo ni moja), kutoka hapo inapanda kwa kigawanyo chenye kimekaa juu ya injini, wengi tunakiita buibui sababu ya miguu yake, na kila mguu ni katuyo kembamba ka chuma kenye kanaenda kwa injekta ya silinda yake. Ukiwasha pompa ya umeme na mikscha, kile kishikio cha rubani cha kupunguza ao kukata esansi, imefungwa kabisa, presha inaishia kwenye servo. Maana yake utaona kuvuja kwa mipira na rakori (viungo vya tuyo) zote za upande wa chini, lakini buibui na miguu yake iko mikavu hata kama imepasuka mara tatu. Mafundi wengi wanafanya hii jaribio, hawaoni kitu, wanasema "haina shida", ndege inaruka, doa linarudi. Ili juu kupate presha lazima ufungue mikscha na gazi, na ukifanya hivyo injini imesimama, esansi inaingia moja kwa moja kwenye silinda. Kwa hiyo ni sekunde chache tu, mutu mwingine anaangalia na tochi isiyo ya kuleta cheche, unafunga, unaangalia, na mbele ya kuwasha unahakikisha hakuna silinda imejaa. Kama na mikscha imefungwa bado unaona esansi inadondoka ndani ya mudomo wa servo, shida iko ndani ya servo yenyewe, na hiyo inafunguliwa kwenye karakana yenye vyombo vyake, si kwenye meza ya hanga.

Buibui pia ana katundu kadogo juu ya kofia yake. Kikiwa kikavu, sawa. Kikilowana, kitambaa cha ndani kimepasuka.

Mbele ya kutafuta chochote, osha. Osha injini yote upande ule, kausha, halafu endesha dakika chache ao fanya jaribio la presha, halafu angalia. Bila kuosha unaona historia ya miezi sita imepakwa pamoja na vumbi letu jekundu, na hewa ya propela inasukuma esansi nyuma, doa linaonekana kwenye silinda ya nyuma wakati tundu liko mbele. Mimi nilikamatwa hapo. Ndege moja, mwenye ndege simutaji, ilikuwa na buluu kwenye nati ya silinda ya tatu, nikakaza, siku mbili nikakaza tena. Kijana mwenye alikuwa anajifunza kazi alikuwa anapangusa na shifoni, akasema taratibu, "Muzee, hii kolie iko na kidonda." Kolie ni ile ya kushika katuyo kasitetemeke, ndani yake iko na mupira. Mupira ulikuwa umeisha, chuma kilikuwa kinakula chuma, na chini yake kulikuwa ufa mwembamba kama unywele, haukuonekana mpaka kolie ilipofunguliwa. Nati yangu ilikuwa nzima muda wote, ila sasa niliichosha bure na katuyo kote kakatupwa.

Ndiyo maana Lycoming iko na taarifa yake ya huduma (service bulletin) namba 342 juu ya hizi tuyo na kolie zake, na FAA, mamlaka ya ndege ya Marekani, ikatoa amri AD 2015-19-07 juu ya jambo hilo hilo. Zimeishi miaka mingi kwa sababu tuyo zinaendelea kupasuka, kwa kutetemeka na kwa kukunjwa vibaya wakati mutu anatoa silinda na kusukuma tuyo pembeni kama kamba ya nguo. Ukikuta tuyo yenye kolie imekosekana, usingoje ivuje.

Injekta nazo ziangalie kwa akili. Injekta ya injini isiyo na turbo iko na katundu ka kuvuta hewa, na kama imelala kwa upande, katundu kanapaswa kuangalia juu. Mutu akiifunga katundu kanaangalia chini, kila mara unazima injini, kaesansi kenye kalibaki kwenye tuyo kanatoka hapo, kanaacha buluu safi kabisa ya kudanganya. Hakuna kitu kimepasuka. Wakati huo huo injekta yenye uchafu inaweza kurudisha esansi nyuma kwa katundu hako hako, na hapo injini itatetemeka kwenye mwendo wa chini, rubani atakuwa ameisikia.

Kitu kingine, ile saa ya kuonyesha esansi inapita kiasi gani: kwenye ndege nyingi za zamani ni saa ya presha tu yenye imeandikwa litri ao galoni. Injekta ikiziba, presha inapanda na saa inasema unakunywa sana, wakati unakunywa kidogo. Usiifuate kama shahidi. Na saa hiyo inaletewa esansi ya kweli kwa katuyo mpaka nyuma ya dashibodi, kwa hiyo rubani akisema "nanusa esansi ndani lakini inje ni kukavu", anza hapo nyuma ya saa, na ndege hiyo hairuki hata kwenda Likasi.

Sasa piesi. Mbele ya kufungua, hakikisha uko nazo, na ziwe za ndege. Rakori za ndege pembe ya mudomo wake ni digrii 37, za gari nyingi ni 45. Kwa macho zinafanana, zinaingia, zinakazika vizuri, halafu zinavuja ao zinapasuka. Najua kule mujini unaweza kupata rakori yoyote kwa bei ndogo na muuzaji ataapa kwa jina la mama yake. Usichukue. Rakori za mudomo wa namna hii hazitiwi gundi wala utepe, chuma kinafunga kwa chuma, na ule utepe mweupe wa fundi bomba hauna kazi hata kwenye rakori zingine za mufumo huu, kipande kimoja kikikatika kinaenda kuziba injekta. Mupira wa zamani usiukunjue kuuangalia, ukiwa wa teflon na ulishazoea kujipinda, kuunyoosha ni kuuvunja. Kukaza, fuata kitabu cha injini na kle ya kupima, si nguvu ya mukono.

Na hakikisha nani anatia sahihi. Kama hauna leseni ya AAC, mamlaka ya ndege ya Kongo, kwa kazi hiyo, unaweza kuosha, kuangalia, kupiga picha na kusaidia, lakini kufunga na kuandika kwenye kitabu cha ndege ni ya mwenye leseni, na ukibadilisha pompa ao servo injini inapimwa presha zake upya, haiendi hivi hivi.

Kazi ikiisha mimi nawasha, nazima, napangusa kila rakori na shifoni nyeupe moja moja, halafu natandika karatasi nyeupe chini ya pua na mawe mane kwenye pembe zake, upepo wa hapa unajulikana. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati baridi bado iko na nguvu, ninakuja kuiangalia mbele rubani hajafika na kikombe chake.