Jinsi ya kuongea na mtu anayepinga kuhalalisha madawa ya kulevya bila kugombana nae

Kabla hujafungua mdomo jua hiki, mtu akisikia "kuhalalisha madawa" picha inayomjia kichwani ni unga umepangwa dukani pembeni ya pipi na watoto wa shule wako foleni. Ukianza kubishana na hiyo picha umeshaliwa. Kwa hiyo anza kwa kukubali, tena bila kigugumizi, kwamba madawa yanaharibu watu, heroini inaua, kokeini inachezea moyo, bangi kwa kijana ambae ubongo bado unakua sio mchezo. Alafu ndo umuulize: sasa kama ni hatari kiasi hicho, hii biashara aishike nani, serikali au pusha? Manake jibu la "isiwepo kabisa" limejaribiwa dunia nzima tangu ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 na biashara ipo. Pusha haulizi kitambulisho, haandiki kwenye pakiti kuna nini na kiasi gani, na akidhulumiwa hela yake haendi mahakamani, unajua anaenda na nini.

Ukishapata hapo, tenganisha maneno. Hapa hata sisi tunaotetea huwa tunateleza sana. Utasikia mtu anasema Ureno walihalalisha, hapana, hawakuhalalisha. Walichofanya 2001 ni kuacha kumhesabu mtumiaji kama mhalifu, yaani ukikutwa na kiasi chako kisichozidi matumizi ya siku 10 hupelekwi jela, unapelekwa mbele ya kamati ndogo inayoangalia kama unahitaji matibabu, ila muuzaji bado anafungwa kama kawaida. Uruguay ndo walihalalisha, bangi tu, sheria ya 2013, na famasi zikaanza kuuza 2017, mnunuzi lazima awe amejisajili na kuna kikomo cha gramu 40 kwa mwezi. Ukichanganya hivi vitu viwili mtu aliyesoma kidogo tu atakuumbua na mjadala umeisha.

Mfano ninaoupenda mimi kuliko yote ni Uswisi, na watu wengi hawaujui. Tangu 1994 kule kuna kliniki zinazowapa heroini yenyewe waraibu sugu ambao tiba nyingine zimegoma kwao, dozi inajulikana, sindano safi, nesi yupo pembeni. Novemba 2008 wananchi wakapiga kura, 68% wakasema iingizwe kwenye sheria ya kudumu. Sasa sikia, siku hiyo hiyo wakaulizwa na kuhusu kuruhusu bangi, wakakataa! Watu wale wale, karatasi za siku moja. Mwambie huyo unaebishana nae kwamba hao sio wapenda starehe, ni watu walioshaona vijana wanajidunga hadharani kwenye bustani za Zurich wakachoka, wakaona bora heroini iwe mkononi mwa daktari. Ndo maana na wewe usiseme "tuhalalishe madawa" kwa mkupuo kama vile yote ni kitu kimoja, sema kila dawa na kufuli lake, bangi dukani kwenye leseni na umri, heroini kwa daktari tu.

Atakuuliza, si zitazidi kuwa kali? Kinyume chake, marufuku ndo inazifanya ziwe kali, na huu mlolongo muelezee taratibu. Mtu anaesafirisha kwa kujificha hawezi kubeba makreti ya bia, anabeba kitu kidogo chenye nguvu. Marekani walipopiga marufuku pombe 1920 hadi 1933 walanguzi wakaona bia haiwalipi, wakahamia kwenye pombe kali, na watu wakanywa hadi pombe ya viwandani iliyotiwa sumu wakafa. Na leo ni hivyo hivyo, heroini inasukumwa pembeni na fentanili, dawa ya kutengenezwa maabara ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini, mzigo wa kuingia mfukoni unatosha mji mzima, na anaejidunga hajui kilichomo.

Sasa usijifanye upande wetu hauna doa. Mpinzani mjanja atakuletea vidonge vya maumivu vya Marekani, vile vya jamii ya heroini, vilikuwa halali, vimeandikwa na madaktari, na bado vikazamisha watu kibao. Mkubalie. Ile ilikuwa ni uhalali ambao kampuni zimeachiwa kupiga debe, na hiyo sio tunachotaka. Tunachotaka kinafanana zaidi na sigara, hakuna matangazo, kodi juu, picha za kutisha kwenye pakiti, na uvutaji umeshuka nchi nyingi bila kumgeuza mvutaji kuwa mhalifu. Atakuletea na Oregon, jimbo la Marekani, walipiga kura 2020 kuacha kuwafunga watumiaji, na 2024 wakarudisha makosa ya jinai. Kweli. Hela za matibabu zilichelewa kufika, fentanili ikaingia wakati huo huo, na mzigo wenyewe ukabaki kwa pusha. Ukiacha kumkamata mtu bila kumuwekea mahali pa kwenda umefanya nusu ya kazi, na kama unaficha hili utaonekana muongo.

Kama bado hakubali kuhalalisha, usilazimishe, shuka kwenye kupunguza madhara, hapo wengi huwa wanalainika. Sindano safi ili virusi visisambae, methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ili mtu aepuke arosto aweze kwenda kazini, naloksoni ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidisha dozi pumzi zikiwa zinakata. Vancouver, Kanada, kuna kituo tangu 2003 ambapo mtu anajidunga mbele ya manesi, akizidiwa wanamuwahi. Atasema mnawapa moyo. Mjibu tu kwamba marehemu haachi unga.

Cha mwisho ni kumjua unaeongea nae. Kuna anaepinga sababu amemzika mdogo wake au mtoto wake aliyezidisha dozi, na huyo usimletee Uruguay wala asilimia. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, alafu, kama yuko tayari, muulize siku ile alikuwa na nani. Mara nyingi utasikia wenzake walikuwepo, wakaogopa kupiga simu kuomba msaada kwa kuhofia polisi, wakakimbia. Akifika hapo nyamaza, usiongeze neno.